Kuunganisha Maski: Mhadhara kuhusu Uhariri Teule wa Picha

Uhariri wa picha za kidijiti una ngazi mbili ambazo ni vyema zitofautishwe tangu mwanzo. Ngazi ya kwanza ni ya mabadiliko yanayoigusa picha nzima kwa kipimo kimoja, kama vile kuongeza mwangaza au kupunguza ukolezi wa rangi, na ngazi ya pili ni ya mabadiliko teule, yaani yale yanayokusudiwa sehemu fulani tu, uso pasipo ukuta, anga pasipo paa, huku sehemu nyingine zikibaki kama kamera ilivyozinasa. Chombo kinachowezesha ngazi hii ya pili huitwa maski, nayo ni ramani ya kijivu yenye ukubwa uleule wa picha inayohaririwa, ambayo katika kila pikseli, yaani kila chembe ya picha, hubeba namba moja kati ya 0 na 1: sifuri huzuia badiliko lisipite kabisa, moja huliruhusu lipite lote, na namba za katikati huliruhusu kwa sehemu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maski moja peke yake mara nyingi haitoshi, kwa kuwa kila maski hujua jambo moja tu kuhusu picha, na kwamba ustadi wa mhariri hupimwa kwa namna anavyoziunganisha maski kadhaa hadi zikatoa kauli moja sahihi juu ya kilichomo pichani.

Wazo hili la kuunganisha lilitangulia uhariri wa picha kwa kompyuta kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1850 mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray alikabiliwa na tatizo kwamba kemikali za negativu za wakati ule ziliitikia mwanga wa buluu kupita rangi nyingine, hivyo katika picha za pwani anga lilichomeka na kuwa jeupe tupu kabla bahari haijapata mwanga wa kutosha. Dawa yake ilikuwa kutumia negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya bahari, na kuzichapa juu ya karatasi moja, kila moja kwa zamu yake, mahali pa kiungo pakiwa ni mstari wa upeo wa macho. Baadaye, katika vyumba vya giza vya karne ya 20, kazi ya namna hii ilifanywa kwa mikono na vipande vya kadi: mchapaji alikinga sehemu ya karatasi isipate mwanga wa mashine ya kukuzia picha ili ibaki nyeupe zaidi, au aliiacha sehemu nyingine ipigwe na mwanga kwa muda mrefu zaidi ili iwe nyeusi, na mikono yake haikutulia, kwa sababu mkono uliosimama huacha kivuli chenye ukingo mkali.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa makini ni picha ya mpiga picha Ansel Adams iitwayo Moonrise, Hernandez, New Mexico, iliyopigwa mwaka 1941 jioni, jua likiwa karibu kuacha kuimulika misalaba ya makaburi iliyo mbele ya kijiji. Negativu hiyo ilikuwa ngumu kuchapa, kwa kuwa sehemu ya chini ilikuwa hafifu mno, na mwaka 1948 Adams aliitia sehemu hiyo ya chini peke yake katika kemikali ya kuikoleza, tendo ambalo ni uhariri teule katika maana yake kamili, tena usioweza kurudishwa nyuma. Kwa anga alitumia njia ya kuliongezea mwanga wakati wa kuchapa, na kadiri miaka ilivyopita alilichapa likiwa jeusi zaidi na zaidi, hivi kwamba chapa za awali na zile za baadaye huonekana kama picha za nyakati mbili tofauti za siku. Ikumbukwe kwamba chapa za picha hii zilizidi elfu moja, na kila moja ilihitaji maski zake zifanywe upya kwa mikono, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuzihifadhi.

Uwezo wa kuihifadhi maski ndio uliobadilisha kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika New York Institute of Technology, Alvy Ray Smith na Ed Catmull walibuni kile kinachoitwa chaneli ya alfa, yaani namba ya nne inayosafiri pamoja na namba tatu za rangi nyekundu, kijani na buluu katika kila pikseli, ikieleza ni kwa kiasi gani pikseli hiyo inaziba kilicho nyuma yake. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa kampuni ya Lucasfilm walichapisha makala iliyoonyesha kwamba chaneli hizo zinaweza kufanyiwa hesabu kwa kanuni chache zilizo wazi, kanuni ambazo hadi leo zimo ndani ya takriban kila programu inayoweka picha moja juu ya nyingine. Photoshop ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990, ilimwezesha mhariri kuhifadhi eneo alilolichagua kama chaneli ya kijivu na kulirudia baadaye, na wekundu ambao programu hiyo hulifunikia eneo lisilochaguliwa umetokana na rubilithi, karatasi nyembamba nyekundu ya plastiki ambayo wachapaji wa magazeti na vitabu waliikata kwa kisu ili kuziba sehemu za filamu.

Maski za kisasa zinaweza kupangwa katika makundi manne kulingana na kile ambacho kila kundi hukijua. Lipo kundi linalojua mahali: brashi, duara, umbo lililochorwa, na maski ya mteremko inayofifia taratibu kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Lipo linalojua mwangaza, ambalo huchagua pikseli zote zilizo angavu au zote zilizo kivulini bila kujali ziko wapi, na lipo linalojua rangi, ambalo huchagua, kwa mfano, buluu yote. Kundi la nne ni la maski zinazojua kitu, yaani zile ambazo mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa picha nyingi hubashiri kuwa hapa pana mtu, hapa pana anga, kama zilivyoingizwa katika programu ya Lightroom mwezi Oktoba 2021. Kila kundi ni pofu kwa mambo ambayo mengine huyaona. Duara halijui kama lililomo ndani yake ni shavu au ukuta, maski ya mwangaza haitofautishi wingu na kanzu, maski ya rangi haitofautishi bahari na buluu ya shati, na maski ya kitu mara nyingi hukosea penye nywele, ushungi mwepesi na majani ya mnazi.

Ichukuliwe picha ya mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, ameketi barazani mbele ya mlango wa nakshi katika mtaa wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa saba mchana. Uso wake uko kivulini, ukuta uliopakwa chokaa unang'aa kwa jua, na juu kuna kipande cha anga chenye mawingu meupe. Mhariri anataka mambo mawili: uso upate nuru bila ukuta kuchomeka, na anga likolee bila kanzu kugeuka kijivu. Kwa anga, mtu asiye na uzoefu hushusha maski ya mteremko kutoka juu, na mara moja ncha za paa na sehemu ya juu ya ukuta huingia giza pamoja na anga. Akitumia maski ya rangi ya buluu peke yake, mawingu huachwa nje, kwa sababu mawingu si buluu, na anga hugeuka mabaka. Akiongeza maski ya mwangaza ili kuyapata mawingu, hupata pia chokaa na kanzu. Jibu sahihi ni sentensi: buluu pamoja na yale yaliyo angavu, lakini yaliyo upande wa juu tu, ukiondoa mtu na jengo. Sentensi hiyo ina viungo vitatu ambavyo programu huvipa majina ya kujumlisha, kukutanisha na kutoa, na anayeweza kuitamka kwa Kiswahili fasaha kabla ya kugusa kipanya tayari amemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kujumlisha, au muungano, huchukua kila kilichomo katika maski ya kwanza au ya pili. Kukutanisha, au makutano, huchukua kilichomo katika zote mbili kwa pamoja, nayo ndiyo operesheni yenye manufaa kuliko zote katika kazi ya picha, kwa kuwa hufanya kazi kama kuchekecha unga kwa chekeche mbili zenye matundu tofauti, ambapo kinachopita ni kile tu ambacho zote mbili zimekikubali. Kutoa huondoa sehemu ya maski ya pili kutoka katika ya kwanza. Inasikitisha kwamba katika baadhi ya programu makutano yamefichwa ndani ya menyu ndogo ilhali kujumlisha na kutoa vimewekwa mbele, hivyo wahariri wengi hufanya kazi kwa miaka bila kuyajua. Asiyeyapata anaweza kuyatengeneza mwenyewe: kukutanisha maski ya kwanza na ya pili ni sawa na kutoa, katika ya kwanza, kinyume cha ya pili, yaani maski ya pili ikiwa imegeuzwa ili weusi wake uwe weupe na weupe wake uwe weusi.

Mpaka hapa mambo yanafanana na somo la seti la shuleni, ambamo kitu kimo ndani ya seti au hakimo. Ugumu wa kweli, na pia uzuri wa somo hili, unaanzia pale ambapo maski si nyeusi na nyeupe tu bali ina kijivu kati yake, kwa kuwa ukingo laini ndio unaolifanya badiliko lisionekane. Programu huikokotoa kila pikseli kwa kanuni moja: thamani mpya ni thamani iliyobadilishwa ikizidishwa kwa namba ya maski, kujumlisha thamani ya asili ikizidishwa kwa kilichobaki kufikia moja. Pikseli yenye mwangaza wa 100 ambayo badiliko lingeipeleka hadi 160, ikiwa chini ya maski ya 0.25, itaishia kwenye 115. Sasa swali ni hili: pikseli iliyomo kwa nusu katika maski ya kwanza na kwa nusu katika ya pili, imo kwa kiasi gani katika makutano yake? Mwanahisabati Lotfi Zadeh, katika makala yake ya mwaka 1965 kuhusu seti zisizo na mipaka mikali, alipendekeza kuchukua namba iliyo ndogo kati ya mbili kwa makutano na iliyo kubwa kwa muungano, na kwa kanuni hiyo jibu ni 0.5. Kanuni nyingine, ambayo nayo imeenea katika programu za picha, huzidisha namba hizo mbili, na jibu lake ni 0.25. Kwa muungano, kanuni ya namba kubwa hutoa 0.5, kanuni ya kuzidisha vinyume na kisha kukigeuza kinachopatikana hutoa 0.75, na kujumlisha tupu hutoa 1.

Tofauti hizi si za kinadharia tu. Mhariri anayekutanisha maski tatu, kila moja ikiwa na 0.9 mahali ambapo yeye anaamini pamefunikwa kikamilifu, atabaki na takriban 0.73 ikiwa programu inazidisha, na badiliko lake litakuwa pungufu kwa zaidi ya robo bila yeye kujua sababu. Mara nyingi hulikoleza badiliko lenyewe ili kufidia, na hapo sehemu chache zilizo kamili hupita kiasi. Programu huria ya darktable inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa jambo hili, kwa sababu inazitaja operesheni zake waziwazi, inaruhusu maski zilizochorwa ziunganishwe na zile zinazotokana na mwangaza au rangi, na haimdai mtu ada yoyote.

Athari kubwa zaidi ya kijivu huonekana ukingoni. Katika seti za shuleni, kitu na kinyume chake havikutani kamwe, lakini katika maski laini hukutana kwenye ukanda mzima wa mpaka, kwa kuwa pikseli yenye 0.5 iko nusu ndani na nusu nje kwa wakati mmoja. Mhariri anayetia giza anga kwa maski moja na kung'arisha jengo kwa maski nyingine iliyochorwa peke yake, bila kuifuata ile ya kwanza, karibu daima atapata utepe mweupe au mweusi unaolizunguka paa, kwa sababu mahali fulani maski hizo mbili zimepandana na mahali pengine zimeacha pengo. Njia salama ni kuitengeneza maski ya pili kwa kuigeuza ile ya kwanza, bila kuchora upya, ili katika kila pikseli ya mpaka jumla ya hizo mbili iwe moja kamili. Utepe huo ndio alama inayoitambulisha haraka kuliko nyingine yoyote picha iliyohaririwa kwa pupa, na umeharibu picha nyingi za harusi ambazo zilipigwa vizuri kabisa.

Mpangilio wa operesheni nao una uzito. Buluu ikijumlishwa na angavu, kisha mtu akatolewa, kanzu itakuwa nje ya maski. Lakini mtu akitolewa kwanza katika buluu, kisha angavu ikajumlishwa, kanzu itarudi ndani kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ni angavu na hakuna kilichobaki cha kuitoa. Kwa kawaida, kutoa kunafaa kuwe hatua ya mwisho. Vivyo hivyo, maski ya mwangaza au ya rangi husoma picha ilivyo katika hatua fulani ya uchakataji, na anayerudi kubadilisha mwangaza wa jumla katika hatua iliyotangulia hiyo, ilhali maski imeshakamilika, aweza kuikuta maski imehama. Ndiyo maana marekebisho ya picha nzima hutangulia yale teule.

Uso wa mzee yule barazani unaleta suala ambalo lina historia ya dhuluma ndani yake. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilizotumia filamu za Kodak zililinganisha rangi kwa kadi zilizoitwa za Shirley, zilizomwonyesha mwanamke mweupe, na kilichohesabiwa kuwa rangi sahihi ya ngozi kilikuwa ngozi yake. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipoanza kutumika. Urithi huo haujaisha katika mafunzo ya maski. Somo linaloelekeza kwamba uso uchaguliwe kwa maski ya sehemu angavu za katikati limeandikwa kwa ajili ya uso mweupe, kwa kuwa uso mweusi ulio kivulini huwa katika ngazi moja ya mwangaza na mlango wa mti ulio nyuma yake, na anayefuata somo hilo ataung'arisha mlango pamoja na uso au ataukosa uso wote. Kwa upande mwingine, rangi inasaidia pale mwangaza unaposhindwa: ngozi za watu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi sana, hutofautiana mno kwa mwangaza lakini hukaribiana kwa aina ya rangi, karibu zote zikiwa katika ukanda wa chungwa. Maski ya chungwa huipata ngozi ya kila mtu, ila huchukua pia mbao, mchanga na udongo, na kwa hiyo lazima ikutanishwe na maski inayojua mahali au inayojua mtu. Duara laini kuzunguka uso, likikutanishwa na chungwa, huuacha nje mlango uliosalia, kofia na ukuta, na kama kipande cha mlango kilicho karibu na sikio bado kimeingia, hutolewa kwa brashi.

Hata hivyo rangi nayo ina mpaka wake. Katika pikseli zilizo karibu na weusi kamili, tofauti ndogo kati ya nyekundu, kijani na buluu hutokana zaidi na chenga za kamera kuliko na kitu chenyewe, kwa hiyo maski ya rangi katika kivuli kizito hutoka na madoadoa, na ikitumika kung'arisha ngozi, huipa mabaka. Tiba yake ni kuilainisha maski, kisha kuikutanisha na maski ya mwangaza inayoacha nje weusi uliokithiri. Faili ghafi ya kamera yenye biti 14 hubeba ngazi 16,384 katika kila chaneli, wakati JPEG ya kawaida hubeba 256, tena JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa ukali mdogo kuliko mwangaza, jambo linalozipa maski za rangi kingo zenye meno. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imebanwa zaidi ya hapo, na si haki kuitarajia itoe maski safi.

Maski zinazojua kitu zimerahisisha mengi, na hakuna sababu ya kuzikataa. Hata hivyo zinafaa kutumiwa kama sehemu moja ya mchanganyiko wa maski, kwa kuwa ubashiri wa mashine mara nyingi huonekana kuwa na uhakika uleule pale inapopata na pale inapokosea, na mhariri asiyezitazama maski zake zikiwa katika sura ya kijivu, pasipo picha juu yake, hatayaona matundu. Katika picha za habari pana pia kikomo cha wajibu: mwaka 2015 shindano la World Press Photo liliondoa asilimia 20 ya picha zilizofikia duru ya kabla ya mwisho kwa sababu ya uchakataji uliovuka kanuni zake, na kutia weusi hadi kitu kilichokuwapo kisionekane ni sawa na kukifuta, hata kama kilichotumika ni maski halali kabisa.

Kwa walimu wa upigaji picha katika vyuo na katika studio zinazopokea wanagenzi, ombi ni moja. Wafundishe makutano kabla ya brashi, wamtake kila mwanafunzi aitamke sentensi ya maski kwa maneno kabla ya kuijenga, na mifano wanayoitumia iwe picha za watu wanaoishi nao, kwenye mwanga wa nchi zao, ili mwanafunzi ajifunze kuutendea haki uso wa mzee wa barazani kwa kipimo cha ngozi yake mwenyewe.